Karafuu Bila Ndugu

Asubuhi ile nilitoka nyumbani bila safari. Nilivaa koti, nikafunga mlango taratibu nisimwamshe mwenye nyumba, nikaenda kusimama kituo cha basi pamoja na watu wenye mahali pa kwenda. Kazi yangu ya bohari ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia. Kazi kwisha nimekwishazoea. Niliacha shule darasa la tano, Korogwe, na tangu hapo nimepakia katani, nimeosha masufuria ya hoteli, nimelinda mageti ya watu, nimepaka meli rangi, katika miji ambayo nikianza kuihesabu huwa narudia mmoja mara mbili. Zamani miguu ilikuwa ikiniwasha, ndipo nahama. Siku hizi haiwashi, inauma tu. Na bado inaondoka.

Basi la kwanza lilinitoa mtaani kwetu Washwood Heath, Birmingham, likaambaa na uzio mrefu wanakojenga karakana ya treni ya mwendokasi, malori yamepanga foleni na taa zimewaka ingawa kumekucha. Likanishusha katikati ya mji. La pili nililipanda kwa sababu lilikuwa tupu. Nilikaa juu, mbele kabisa, nikasinzia, na nilipofumbua macho dereva alikuwa amezima injini, ananitazama kwa kioo chake. Tulikuwa Longbridge, mwisho wa njia.

Pale zamani palikuwa na kiwanda cha magari. Sasa pana maduka, maegesho, na nyumba mpya za matofali zinazofanana kama meno ya kubandika. Mvua ilikuwa ile ya huku, hainyeshi wala haikati. Kwenye mlango wa ukumbi mmoja nikaona karatasi imebandikwa: chai ya bure, karibuni, fursa. Chai ilinitosha. Nikaingia.

Viti vilikuwa vingi, watu saba. Mbele alisimama bwana mmoja wa Kiingereza, shingo imebabuka kwa jua lisilo la hapa, anaonyesha picha ukutani. Kijiji, alisema, katika kisiwa kimoja cha mashariki ya Indonesia, ambacho dunia bado haijakigundua. Nilitafuna biskuti nikiwafikiria watu waliozaliwa pale, ambao kwa maneno yake hawakuwamo duniani. Juu ya kijiji kulikuwa na kilima, na juu ya kilima zingejengwa nyumba ndogo za mbao. Kila mwekezaji angepata yake, aikodishe kwa wageni, au akitaka aishi mwenyewe. Ardhi ya kule mgeni haruhusiwi kuimiliki, kwa hiyo angekodishiwa kwa miaka mingi. "Mingi kuliko iliyobaki kwa baadhi yetu humu," alisema, na wazee wawili wakacheka.

Mimi sikuwa na cha kuwekeza ila siku yenyewe. Lakini nina tabia ya kuuliza, na imenifukuzisha kazi zaidi ya mara moja. Nikauliza maji ya kilimani yanatoka wapi. Akasema yapo. Nikauliza hospitali iko umbali gani. Akasema kuna kituo cha afya. Nikauliza ile miti iliyo nyuma yake kwenye picha ni miti gani.

"Mikarafuu," akasema.

Ndipo nikachukua kijitabu chake. Nilikichukua kwa ajili ya miti ile, kwa sababu mwenye nyumba wangu ni mtu wa Pemba, na nilidhani nampelekea kitu cha kutazama jioni moja, kisha kiende kwenye pipa la karatasi.

Mwenye nyumba huyu tunamwita Bi Mkubwa. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha magari ya mizigo hapo chini kwetu mpaka kilipofungwa, akaishi kidogo baada ya hapo, akafa. Yeye alifua mashuka ya hospitali mpaka mabega yakakataa. Ana binti mmoja, anaishi kusini. Mama anampigia simu kwa Kiswahili, binti anajibu kwa Kiingereza, na wanaelewana vizuri kabisa, hasa wanapogombana. Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala. Kimoja chake, kimoja changu, na kimoja cha nesi Mkenya ambaye Jumapili hurudi kutoka kanisani na bakuli za pilau na ndengu za kutosha nyumba nzima.

Nilikiweka kijitabu mezani. Bi Mkubwa akavaa miwani, akakisogeza karibu na dirisha. Kisha akagusa picha kwa ukucha.

"Hii imezaa," alisema. "Huioni? Wewe mbara utaona nini. Hii ilikuwa ichumwe jana."

Kijitabu hakikuenda kwenye pipa. Kilikaa siku tatu chini ya kasha la miwani yake. Siku ya nne tulikuwa watatu mezani, tunakunywa chai.

"Nitauza nyumba," alisema, kama anayesema chumvi imekwisha.

Nesi akaweka kikombe chini. "Ya kwenda wapi, Mama?"

Bi Mkubwa akasukuma kijitabu katikati ya meza. Nesi akakifungua, akasoma ukurasa mmoja, akakifunga.

"Hiyo ni ukora."

"Kwako wewe kila kitu ukora. Mchungaji wenu alipoleta habari za viwanja hukusema ukora."

"Ndiyo maana sasa naujua."

Niliona haya, maana kijitabu ni mimi niliyekileta. Nikamwuliza kwa nini, kama ni joto na karafuu anazotaka, asirudi kwao Pemba.

"Pemba nina ndugu," alijibu, kwa sauti ya mtu anayesema ana sukari.

Habari ile tulikuwa tumeisikia vipande vipande. Siku hiyo aliisema yote. Babu yake aliacha mikarafuu. Mingine ilikuwa ya kurithiwa, na mingine, iliyokuwa ukingoni mwa shamba, aliiweka wakfu kwa msikiti. Baba yake mdogo akaiuza yote pamoja, ya urithi na ya wakfu, akasema mti ni mti. Tangu hapo watu wa nyumba ile hawazikani. Kaka yake mmoja alifariki, na waliobeba jeneza walikuwa majirani.

"Nataka karafuu bila ndugu," alisema. "Niamke niisikie harufu ile, niende msikitini kwa miguu yangu, asiniulize mtu mimi mtoto wa nani. Nimechoka na baridi, wanangu. Nimechoka kuvaa."

Nesi alimwongeza chai.

Baada ya hapo ilikuwa kazi yetu kila alasiri kukisoma kijitabu kile. Maandishi ya Kiingereza tuliyamaliza mapema, hayakuwa na kitu. Tulichosoma ni picha. Zilikuwa na vibao na mabango ya lugha yao, na Bi Mkubwa aligundua, kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, kwamba lugha ile imejaa maneno yetu. Bendera kwao ni bendera. Meza ni meja. Sabuni ni sabun. Habari yako, wanauliza kabar. Karatasi ni kertas. Mimi mwenyewe nilikuwa nazunguka na simu yangu yenye kioo kilichopasuka nikiyawinda, kwa sababu vitu vya namna hiyo ndivyo nilivyosomea maisha yangu yote badala ya shule.

Picha moja ilikuwa ya nyumba ya kando ya njia, bati jekundu, kuku wawili, na kipande cha ubao kimetundikwa mlangoni: ADA KAMAR.

Bi Mkubwa aliisoma, akavua miwani. "Astaghfirullahi. Ada ya kamari."

"Nini?" nesi akauliza.

"Kamari. Wanacheza kamari, na ada inatozwa mlangoni, mchana, kuku wanaona. Kijiji cha Kiislamu gani hiki?"

"Angalau wanaandika," nesi akasema. "Kwetu wanajificha."

"Mcheke tu. Mimi siwezi kuzikwa jirani na nyumba ya kamari."

Nesi akaniambia weka kwa simu basi, tujue. Nikaandika maneno yale mawili. Simu ikajibu: kuna chumba. Ada, kwa lugha yao, ni kuna, ipo. Kamar ni chumba. Nesi alicheka mpaka akashika meza, na Bi Mkubwa naye akacheka kwa pua, huku anasema simu haijui dini. Lakini tangu siku ile likawa neno la nyumba. Ukiuliza kama kuna maziwa, unajibiwa ada.

Tukajiona wasomi. Kwa hiyo tulipofika picha ya kilima, hatukusita. Kilima kilikuwa kimepigwa picha kutoka chini, mikarafuu imepanda mpaka juu, na kati ya miti miwili kulikuwa na kibao cha saruji, nusu kimefunikwa na majani. Herufi zilizoonekana zilikuwa TANAH WAKA. Simu ilisema tanah ni ardhi. La waka ililirudisha kama lilivyo, haikulijua.

"Hilo halihitaji simu," Bi Mkubwa alisema. "Waka ni waka. Ardhi inayowaka. Panawaka jua pale." Akatazama dirishani, kwenye ua wetu ambao tangu Septemba ulikuwa haujapata jua. "Maneno mengine yote yamekuwa yetu, hili litakuwa la nani?"

Nilikubali. Lilionekana jambo la kweli kabisa.

Ofisi ya yule bwana ilikuwa Kings Heath, juu ya duka, ngazi nyembamba. Nilimpeleka Bi Mkubwa kwa mabasi mawili, mkono wangu mmoja umeshika mkoba wake. Mabango ya kijiji yalijaa ukutani. Bwana alitupokea kwa adabu, akavuta kiti, akatengeneza chai mwenyewe. Sikumchukia. Mpaka leo sijui kama alikuwa anadanganya au na yeye amedanganywa. Watu wenye shingo zile huwa wanapenda sana mahali wasipopajua.

Bi Mkubwa aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri. Kibla kiko upande gani wa kilima? Hakujua. Imamu wa pale ni nani? Hakumjua. Ardhi ni ya nani? Hapo alijua: ni ya familia moja, mwakilishi wao ni kijana anayeishi mjini, ana karatasi zote. Ila watu wengi wanaulizia, akasema, na mwisho wa mwezi orodha ingefungwa.

"Mwambie sitii saini mahali mguu wa mtu wangu haujakanyaga."

Nikamwambia. Akasema wengine wameridhika na video, akawasha kompyuta atuonyeshe.

"Mwambie video haina pua."

Nikamwambia na hilo. Alicheka, akaliandika kwenye daftari lake, pengine kwa ajili ya mkutano mwingine.

Kwenye basi la kurudi Bi Mkubwa alitazama nje mpaka tulipofika mjini. Kisha akanitazama, na nikajua.

"Utakwenda wewe."

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi si shahidi mzuri. Akiuza nyumba, mimi nakosa chumba. Macho yangu yatatafuta ubaya hata usipokuwapo. Na tena, nikamwambia, huenda yakawa kinyume, maana mimi mtu akinionyesha njia mpya naisifu kabla sijaipita.

"Basi una sababu mbili za kutazama," alisema. "Mtu asiye na lake hutazama kwa jicho moja. Nenda. Uninusie."

Aliuza bangili mbili kwa ajili ya safari ile, na hakutaka lisemwe. Nesi alinipa soksi za kubana za kuvaa kwenye ndege, dawa za kuharisha, na onyo. "Ukipaona ni pazuri, sema ni pazuri," alinong'ona mlangoni. "Usimwonee huruma. Lakini ukipaona ni ukora, usianze na neno hilo. Nilishalitumia mimi."

Ndege zilikuwa tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Kisha feri ya kutwa nzima, watu wamelala kwenye mikeka kati ya magunia na pikipiki, mimi nimeegemea nguzo nikihesabu miaka yangu. Katika ujana wangu safari kama ile ingenitia wazimu wa furaha. Nilikuwa bado natazama kila kitu, hilo halijaniacha: namna wanavyofunga mizigo kwa kamba za plastiki, namna mama mmoja alivyomenya chungwa bila kukata ganda. Lakini nilitazama kama mtu anayekula baada ya kushiba. Nilikuwa naomba mahali pawe pazuri, kisha naomba pasiwe, kisha naomba tu pawe na kitanda.

Kutoka bandarini nilipanda pikipiki nyuma ya baba mmoja aliyekuwa anavuta sigara. Moshi wake ulinijia usoni, na nilishtuka: ulikuwa wa karafuu. Wanaivuta. Nilijua Bi Mkubwa hataniamini. Lami iliisha, ikaja changarawe, kisha daraja la mbao lenye mbao chache kuliko inavyotakiwa, tukashuka tukavuka kwa miguu huku anasukuma pikipiki. Kisha harufu yenyewe, isiyo ya moshi. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kando ya njia juu ya maturubai ya buluu, kilomita nzima, nyingine za kijani, nyingine zimeshakuwa kahawia, na wanawake wanazigeuza kwa reki za mbao. Nilivuta pumzi kama nilivyoagizwa. Hapo ningeweza kumpigia simu nikamwambia uza.

Kijiji nilikizunguka kwa saa moja, maana hakikuhitaji zaidi. Nitasema nilichoona, kwa sababu nilitumwa kuona. Msikiti ni safi, bati jipya, na kibla ni upande wa bahari. Maji yanakuja kwa bomba kutoka chemchemi ya mlimani, lakini bomba la kwanza nililofungua lilikohoa tu. Kituo cha afya kipo. Kilikuwa kimefungwa, na mama wa jirani alinionyesha kwa vidole kwamba mganga huja mara mbili kwa wiki. Ufuko ni wa mawe meusi, si wa kulala na taulo. Mtu anayetaka muziki na vinywaji hataelewa ameletwa kufanya nini. Anayetaka kutembea kwenye kivuli cha mikarafuu, kula samaki na kusalimiwa na kila mtu, atakaa wiki mbili na hatajua zimekwendaje. Wageni wa namna hiyo ni wachache, lakini wapo. Kuwajengea nyumba za mbao kilimani ni jambo jingine, kwa sababu magogo yenyewe yangevushwa vipi kwenye daraja lile.

Kilima nilikitambua kutoka kwenye picha. Nilipanda taratibu, magoti yakilalamika. Kibao cha saruji kilikuwa pale pale, kati ya miti miwili, na majani yale yale yamekifunika nusu. Niliyasogeza kwa mkono.

TANAH WAKAF.

Nilikaa chini. Herufi moja. Majani ya mkarafuu mmoja yalikuwa yameifunika herufi moja, na sisi watu watatu katika nyumba moja ya Birmingham, wawili tumelelewa na neno lile tangu chuoni, tukaambiana kwamba panawaka jua. Mimi mwenyewe nyuma ya nyumba yetu Korogwe kulikuwa na minazi ya wakfu, tulikuwa tunachapwa tukiokota hata kifuu. Nilijua maana yake bila simu. Ardhi ile alikwisha kupewa Mungu. Haiuzwi, hairithiwi, haigaiwi. Na kama ilikuwa imo kwenye karatasi za kijana wa mjini, basi kijana wa mjini alikuwa na baba mdogo wake aliyesema mti ni mti.

Niliposhuka, niliiona nyumba ya bati jekundu. Kuku walikuwa wanne sasa. ADA KAMAR kilikuwa bado mlangoni. Mwenye nyumba ni mama wa umri wangu, kanga, yaani sarong, imefungwa kifuani juu ya fulana, mikono imekuwa kahawia kwa karafuu. Nikasema lile neno la nyumbani kwetu.

"Ada kamar?"

"Ada, Pak, ada," akasema, akanifungulia kabla hajanitazama vizuri. Kitanda, chandarua, ndoo, dirisha linalotazama kilima. Akanileta mezani, akanipa chai, na tukazungumza kwa simu zetu mbili, yake nzuri kuliko yangu. Nilionyesha kilima, nikasema wakaf. Akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kukubali. Aliyeitoa, simu ilisema, alikuwa mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto. Karafuu za kilima zikichumwa, zinatengeneza msikiti na kulisha mayatima wa kijiji. Nikauliza kuhusu wazungu. Ndiyo, walikuja na kijana mmoja wa mjini, wakapima kwa kamba. Watu walifurahi sana. Walidhani ni habari ya barabara.

Akauliza kama na mimi nimekuja kupima. Nikasema hapana, nimekuja kunusa. Simu yake sijui ilimwambia nini, lakini alicheka.

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo ya bahari. Birmingham ilikuwa asubuhi. Nilipiga. Bi Mkubwa alipokea kabla haijaita mara mbili, na nyuma yake nilisikia birika letu, lile linalopiga kelele kama limeonewa.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Inanukia?"

"Inanukia, Bi Mkubwa. Yote ni kweli. Wameanika mpaka barabarani. Wanaivuta hata kwenye sigara."

"Muongo."

"Wallahi." Kisha nikatafuta pa kuanzia, na nilipoona hapapo nikasema tu. "Kile kibao nimekiona chote. Si waka. Kuna herufi ilikuwa imefunikwa. Ni wakaf."

Birika likazimwa.

"Wakfu wa nini?" aliuliza.

"Wa msikiti. Na mayatima."

"Nani aliyeweka?"

"Mwanamke. Hakuwa na watoto."

"Kilima chote?"

"Chote."

Nikasikia kiti kinavutwa. Nilidhani atalia, na sikujua ningefanya nini na kilio chake mahali kama pale, mama mwingine amesimama mbele yangu na sahani ya wali. Hakulia. Alivuta pumzi ndefu, ile anayovuta akimaliza kupanda ngazi.

"Ningekwenda kujenga juu yake," alisema. "Mimi. Kwa mkono wangu huu."

"Hukujua."

"Na baba mdogo alikuwa anasema hivyo hivyo. Basi. Huyo bwana nitamwambia mwenyewe. Nesi atanisaidia Kiingereza, ana hamu siku nyingi."

"Pole, Bi Mkubwa."

"Pole na wewe, umepanda ndege zote hizo." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Umepata pa kulala?"

"Ada."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Palepale kwenye kamari?"

"Palepale."

"Kitanda kigumu au kinabonyea?"

Nikaingia chumbani, nikakikalia, nikakibonyeza kwa kiganja. "Kigumu."

"Kigumu ndiyo kizuri kwa mgongo. Na choo? Cha kukaa au cha kuchuchumaa?" Sikuwa nimekiona. "Katazame. Na umwulize huyo mama, taratibu, usimtishe, kama anakodisha kwa mwezi. Mtu mmoja, mzee, hali sana. Mwambie hataki kununua kitu."

Nilifunika simu kwa mkono, nikarudi mezani, nikamwandikia mwenye nyumba swali lile kwenye simu yake. Alilisoma, akalisoma tena, akaenda ndani, akarudi na daftari kubwa lenye jalada la maua, akaliweka mbele yangu pamoja na kalamu. Juu lilikuwa limeandikwa DAFTAR TAMU. Nilielewa neno la kwanza. La pili nililielewa vibaya, kisha akanigusa bega kunionyesha kwamba tamu ndiye mimi, mgeni. Kurasa nyingi zilikuwa tupu. Nikaandika jina langu, nikaandika Birmingham. Safu ya tatu sikuijua inauliza nini, nikamwachia aijaze mwenyewe, na nikaenda kutazama choo.